Mgonjwa Ni Mimi

Mwenye spika alipomnyooshea Mihayo kidole katikati ya soko la Katoro, Nyamizi alikuwa ameinama kwenye gunia anampimia mteja mchele. Mpaka leo hajui kama yule muuza dawa alimlenga mumewe makusudi au kidole kilikuwa kinapita tu. Lakini watu walicheka, na kicheko cha sokoni kikishamwangukia mtu hakimuulizi kama ni chake.

"Ngiri!" spika ilibwata kutoka juu ya gari. "Kende moja kubwa, nyingine ndogo! Kiuno kizito, jasho la usiku, mke anakugeuzia kisogo! Kaka yangu pale mwenye shati la bluu, usiinamishe kichwa, dawa ipo!"

Mwenye shati la bluu alikuwa Mihayo. Alikuwa amekuja kumsaidia mkewe kuhamisha magunia kabla hajaingia zamu yake kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kweli alikuwa ameinamisha kichwa. Siku hizi kila alipoinua kitu kizito, maumivu yalimpanda kutoka kwenye korodani mpaka kiunoni. Aliliacha gunia palepale akaondoka kwa ule mwendo wake mpya, miguu imeachana kama mtu aliyepanda punda asiyeonekana.

"Pima basi, mama," mteja alimhimiza Nyamizi. "Mama nani vile?"

"Nyamizi."

"Nyamizi tu?"

"Nyamizi tu."

Yule mwanamke alisema "Aa," akamwangalia tumboni, halafu akaomba aongezewe kidogo. Nyamizi alimwongezea kwa hasira, konzi zima la mchele, kama vile anamlipa anyamaze. Miaka minne ya ndoa, na Katoro ni mji unaotaka kujua wewe ni mama wa nani kabla haujakuuliza kama umekula.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta Mihayo amejifunika blanketi wakati joto la mchana lilikuwa halijatoka kwenye mabati. Alikuwa anatetemeka. Kando yake palikuwa na kikombe chenye masalia ya mtindi, na ndani ya mtindi unga wa kahawia.

"Umerudi kwa yule mwenye spika," Nyamizi alisema.

"Sikurudi. Nilimtuma mtu."

"Afadhali basi! Umetukanwa bure, ukaona matusi hayajatosha, ukaenda kuyanunua!"

Mihayo alivuta blanketi mpaka kidevuni. Hicho ndicho kilichokuwa kinamkata Nyamizi maini. Angekuwa mume wa kelele, wangegombana wakamaliza. Lakini Mihayo ukimsema anageuka ukuta, na ukuta haugombi. Tangu mwaka jana alikuwa anarudi kazini amechoka kama aliyelima shamba la kijiji kizima, anakula vijiko viwili, analala. Kitandani alikuwa mgeni mwenye heshima zake. Mwanzoni Nyamizi alidhani ana mwanamke mwingine kule machimboni. Alimchunguza mpaka akachoka, na siku alipogundua kwamba hayupo mwanamke yeyote, alikaa chini akalia, maana mwanamke angekuwa rahisi zaidi.

Simu iliita. Alikuwa mama mkwe, Lusia, kutoka kijijini kwao karibu na Tinde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wana Maduhu." Hivyo ndivyo alivyomwita, mtoto wa Maduhu, kwa jina la baba yake, kana kwamba bado yuko kwao. "Dumu la mtindi limefika na basi?"

"Limefika."

"Unampa?"

"Kila asubuhi, mama."

"Usiyachemshe maziwa yangu. Nakujua, nyie wa mjini mnachemsha kila kitu. Maziwa ukiyachemsha unaua nguvu, na huyo mtoto anahitaji nguvu."

"Sijawahi kuyachemsha, mama."

"Sawa." Lusia alikohoa kidogo, akabadili sauti. "Baba yenu mdogo Maganga amemtumia baba yako ujumbe. Mje nyumbani mwisho wa mwezi. Wazee wameamua wakae. Mti usiozaa, ng'wana Maduhu, hata ungekuwa na kivuli kizuri namna gani, mwenye shamba anauliza. Ng'ombe wetu wamekaa kwenu muda mrefu."

Nyamizi alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa. Maana yake ilikuwa wazi kama jua la adhuhuri: ng'ombe wa mahari warudi kwa Maganga na Lusia, na yeye arudi kwa baba yake. Alimgeukia Mihayo. Alikuwa amesikia kila neno, kwa sababu Lusia huongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utasema nini?"

"Nitaongea na mama."

"Utaongea na mama! Umeongea naye lini wewe? Kesho tunakwenda hospitali."

"Hii ni ngiri, Nyamizi. Ngiri haina hospitali."

"Kesho," alisema, "au kesho hiyohiyo napanda basi kwenda kwa baba, nisingoje kufukuzwa."

* * *

Mihayo aliingia chumba cha daktari, akatoka kabla benchi halijapoa.

"Vipi?"

"Ni binti," alinong'ona.

"Ni daktari."

"Ni binti, Nyamizi! Anaitwa Agnetha. Ananiambia nivue suruali nipande kitandani, hata hajanisalimia vizuri. Angekuwa mdogo wangu wa mwisho."

Watu wa benchi la jirani waliacha kuongea ili wasikie vizuri. Nyamizi alimshika mkono mumewe mbele yao wote, akafungua mlango, akaingia naye. Daktari Agnetha alikuwa kweli mdogo, na alikuwa amechoka. Aliwaangalia wote wawili, akavuta pazia, akampima Mihayo huku anaongea na Nyamizi mambo mengine kabisa, bei ya mchele, barabara, mpaka Mihayo akasahau kukaza mwili. Alipotoka nyuma ya pazia hakuwa anatania tena.

"Hizi korodani zina muda gani zimevimba?"

"Siku kadhaa," alisema Mihayo.

"Muongo," alisema Nyamizi. "Mwaka wa pili huu. Zinavimba, zinapungua, zinavimba tena. Na homa za jioni, na jasho mpaka shuka inakamuliwa."

"Mnafuga?"

"Sisi hapana. Nyumbani kwao wanafuga."

"Ukienda unasaidia ng'ombe kuzaa?"

Mihayo aliona hilo ni swali la kitoto. Nani asiyesaidia? Alieleza jinsi ndama alivyokwama mwaka juzi, jinsi alivyoingiza mkono mpaka kwenye kwapa akamvuta, akatoka mfu, na wengine wawili baadaye nao wakatoka wafu kabla ya miezi yao. Aliposimulia hivyo uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza siku ile. Kazi hiyo aliijua, na hakuna mtu kwao aliyeifanya kwa ustadi kama yeye.

"Mikono mitupu?"

"Sasa utavaa nini?"

"Na maziwa, mnachemsha?"

Nyamizi alimgeukia mumewe. Alijiona kila asubuhi anatikisa dumu, anamimina kikombe mpaka ukingoni, anasimama palepale mpaka kiishe kwa sababu mama mkwe atauliza. Yeye mwenyewe mtindi haumpandi tangu utoto, ndiyo maana alikuwa hajauonja.

Walichukuliwa damu wote wawili, na Mihayo akachukuliwa pia kile kipimo kingine ambacho hakutaka kukizungumzia njia nzima. Waliporudi kuchukua majibu, Nyamizi alikuwa salama. Mihayo alikuwa na brusela.

"Kwa ng'ombe mnauita ugonjwa wa kutupa mimba," daktari Agnetha alieleza. "Mtu anaupata kwa maziwa mabichi, au kwa kumshika ndama na kondo la nyuma bila kinga. Kwa mwanaume unaweza kushambulia korodani. Na korodani ndizo zinazotengeneza homoni ya kiume na mbegu. Homoni yako iko chini sana, kaka. Huo uchovu, huko kukosa hamu, siyo uvivu, na hujarogwa. Mbegu nazo ni chache, na huenda zilianza kupungua kabla hujaona uvimbe."

"Atapona?" Nyamizi aliuliza.

"Homa na uvimbe tunatarajia vitaondoka. Sindano, na vidonge vya wiki sita bila kuruka hata siku moja. Huo unga wa sokoni utupeni. Na maziwa mabichi, hata ya mgando, basi."

"Naulizia mtoto."

Daktari alichezea kalamu. "Tutapima tena baada ya dawa. Wengine hurudi vizuri, wengine haviwarudii vyote. Siwezi kukuahidi, dada."

Nje, chini ya jua, Mihayo alisimama akiwa ameshika mfuko wa dawa kama mzigo wa mtu mwingine.

"Usimwambie mtu," alisema.

Nyamizi alihisi hasira inampanda mpaka masikioni. "Miaka minne nimeitwa mti usiozaa. Nimepelekwa kwa waganga wawili, nimeogeshwa majani uchi, nimechanjwa mgongoni. Mama yako ananihesabia siku zangu za mwezi mbele ya mawifi. Na leo unaniambia nisimwambie mtu?"

"Nitasema mwenyewe."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu. Ila wewe usianze. Ukianza wewe watasema unanidhalilisha."

Alikubali. Hata alipokuwa anakubali alijua kwamba amefanya ujinga, lakini mke wa Mihayo angefanyaje? Neno hilo lilikuwa la Mihayo. Likitoka kwa mwanamke lingekuwa tusi tu.

* * *

Walifika kijijini Ijumaa. Mihayo alikuwa aseme usiku huo, akasema mama amechoka. Alikuwa aseme Jumamosi asubuhi, akaenda kuangalia ng'ombe. Jumamosi jioni alisema, "Nilikuwa nataka kuanza, akaingia jirani." Nyamizi alikuwa anachambua mboga. Alizichambua mpaka zikabaki vijiti.

"Unameza dawa wapi?"

"Chooni."

"Chooni! Mtu mzima unajificha chooni na vidonge kama mwizi wa kuku!"

"Punguza sauti."

Kumbe Nyamizi alikuwa hajamaliza kuona. Jumapili asubuhi Lusia alimletea mwanawe kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili, anatabasamu, na Mihayo akakipokea. Nyamizi alisimama mlangoni akimtazama. Mihayo aliinua kibuyu, akalowesha mdomo wa juu, akakishusha, akasema yametulia, mayu, mama yangu, ahsante. Mama alipogeuka akajipangusa kwa mkono. Mtu huyo angeweza kuingiza mkono wake wote ndani ya ng'ombe anayekufa, lakini kumwambia mama yake "sitaki" alishindwa.

Wazee walikaa mchana. Kwenye viti vya mbao alikaa Maganga, baba mdogo wa Mihayo, ambaye ndiye aliyekuwa anasimama mahali pa marehemu baba yake. Mkabala naye Mzee Maduhu, baba wa Nyamizi, aliyefika kwa pikipiki na bado ana vumbi kwenye nyusi. Lusia na Nyamizi walikaa mkekani. Mihayo alikaa kwenye kigoda, pembeni kidogo, asimwelekee mkwewe. Mzee Maduhu na yeye walikuwa watu wa zamani katika hilo: miaka yote minne hawakuwahi kula pamoja wala kupeana mkono, kila mmoja akamheshimu mwenzake kwa kumkwepa.

Maganga alianza kwa salamu ndefu za Kisukuma, akaulizia mvua na mifugo, halafu akaingia kwenye jambo.

"Mzee mwenzangu, hatukuitana kugombana. Sisi tulitoa ng'ombe tukitegemea jina la marehemu kaka litaendelea. Binti yako ana adabu, anapika, hatumlaumu kwa hilo. Lakini hana mtoto. Tunaomba ng'ombe wetu, nawe umchukue mwanao, kila mtu abaki na amani yake."

Mzee Maduhu alitema mate pembeni. "Ng'ombe wenu! Nilikuwa najiuliza lini mtawataja. Mitamba mliyonipa, Maganga, inabeba mimba inaitupa. Inabeba, inatupa. Sasa na ng'ombe wangu niliokuwa nao wameanza mchezo uleule. Mnaniambia binti yangu hazai, na ng'ombe wenu je, nani amewaoa?"

Hata Lusia alilazimika kujifunika kitenge apate kuficha kicheko. Lakini Nyamizi hakucheka. Alikuwa anamwangalia Mihayo, na moyoni alikuwa anamsukuma kwa nguvu zake zote. Sema. Njia imefunguka yenyewe, sema.

Mihayo alikuna goti.

"Hayo ya ng'ombe ni ya ng'ombe," Maganga alisema alipopata pumzi. "Tuongelee watu. Mihayo, wewe una neno?"

"Mimi..." alisema Mihayo.

Nyamizi alifumba macho. Akiishia hapa, alijiambia, nanyanyuka naenda na baba, ng'ombe warudi, na asinifuate.

"Mgonjwa ni mimi," alisema Mihayo.

Alisema kwa sauti ndogo, akaona hawajamsikia, akarudia. Mgonjwa ni yeye. Korodani zake zinaumwa, zimevimba mwaka wa pili. Homoni imeshuka, mbegu hazitoshi. Ni ugonjwa uleule wa hao ng'ombe, ameupata kwa kumvuta ndama na kwa kunywa maziwa mabichi. Nyamizi amepimwa, hana kitu.

Nyamizi alivuta hewa mpaka chini ya mapafu. Imeisha, alifikiri. Miaka minne, na imeisha.

Haikuisha. Lusia alijipiga kifuani kwa viganja viwili.

"Amelishwa! Maganga, unasikia? Mwanangu amelishwa! Mwanaume gani mwenye akili zake anakaa mbele ya mkwewe anataja korodani? Hiyo ni limbwata! Na maziwa yangu! Maziwa yaliyomlea ndiyo yamekuwa sumu? Haya maneno si yake, amewekewa mdomoni na huyu!"

"Mama, ni daktari..."

"Amekuwekea nini kwenye chakula, baba?"

Maganga alitikisa kichwa taratibu, kwa huzuni ya mtu aliyeelewa yote. "Ndiyo maana alikuwa kimya siku zote," alisema. "Kijana alikuwa amefungwa mdomo, leo umefunguliwa aseme anachotakiwa kusema. Mzee Maduhu, hili sasa ni jambo lingine. Ng'ombe warudi, na faini juu."

Nyamizi alitaka kupiga ukelele. Alipokaa kimya alikuwa tasa. Ukweli uliposemwa amekuwa mchawi. Machozi ya hasira yalimtoka bila ruhusa yake.

Ndipo Mihayo aliposimama. Alikuwa amepauka. Aliugeuzia mgongo upande wa mama yake, akamwelekea baba yake mdogo, akaanza kufungua mkanda.

"Wewe! Unafanya nini?" Maganga alifoka.

"Nimesema hamkuamini. Angalia."

"Mihayo!" Lusia alilia, akajifunika uso wote kwa kitenge.

Mzee Maduhu alikwishainuka. Aligeuka akatembea haraka mpaka kwenye boma la ng'ombe, akasimama pale akiwapa mgongo, mikono ameishika nyuma, kama anayehesabu mifugo isiyo yake. Nyamizi peke yake hakugeuka. Aliona suruali ikishuka mpaka mapajani, akamwonea mumewe huruma na uchungu kwa pamoja. Mtu huyu alishindwa kumvulia daktari nyuma ya pazia.

Maganga aliangalia. Hakutaka, lakini aliangalia, na macho yake yalikuwa ya mfugaji.

"Kama lile dume la madoa," alisema polepole.

"Lipi?" Lusia aliuliza kutoka ndani ya kitenge.

"Dume letu la madoa. Lilivimba hivihivi. Likawa halitaki kupanda tena." Alimeza mate. "Tukaliuza mnadani."

Mihayo alipandisha suruali, mkanda ukabaki wazi. Nyamizi aliinuka akaenda kumfungia, mbele yao wote, bila haraka. Alisikia jinsi mumewe alivyokuwa anapumua.

"Mzee Maduhu, rudi," Maganga aliita. "Amevaa."

Mzee Maduhu alirudi, akakaa, akaangalia ardhi. "Mkwe wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "hilo ulilolifanya lisirudiwe. Neno lako nimelisikia."

Lusia alikuwa ametoa uso nje ya kitenge. Hakumtazama Nyamizi. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa inakamua na kutuma madumu Katoro, na midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Nyamizi alitamani amchukie, lakini siku ile hakuweza. Kikombe kilikuwa cha Lusia, lakini aliyekisimamia mpaka kikaisha alikuwa yeye.

Maganga ndiye aliyepata sauti kwanza, kwa sababu wasimamizi wa ukoo hawanyamazi muda mrefu.

"Sawa. Tumeona. Ana dawa?"

"Anazo," alisema Nyamizi.

"Akimaliza hizo dawa atazaa?"

Wote walimgeukia yeye, hata Mihayo. Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni, tayari, na lingewaridhisha wote. Wangekunywa chai wakaagana.

"Sijui, baba," alisema. "Daktari hakuniahidi."

"Hujui?" Maganga aliinama mbele. Hakuwa na ukali tena, alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyechanganyikiwa na hesabu ya mifugo. "Kama mtoto hajulikani, sasa wale ng'ombe wetu watakaa kule kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili yangu," alisema Nyamizi.

Maganga alimwangalia Mzee Maduhu, halafu Lusia, kana kwamba mmoja wao angemsaidia kuelewa. Lusia alivuta kitenge mabegani. Kigoda kilikwaruza chini. Mihayo alikuwa anakisogeza karibu na mkeka alipokaa mkewe.

"Ndivyo, baba," alisema. "Kwa ajili yake."